Damu ndani ya jicho: mwongozo kamili, kuanzia kujiangalia nyumbani Goma hadi hospitali, na mahali pa Ayurveda

Damu inayotisha kwenye kioo mara nyingi haina madhara, na ile inayopofusha mara nyingi haionekani kwenye kioo kabisa. Ndiyo maana hapa Goma motari (dereva wa pikipiki) aliyeamka na doa jekundu kwenye weupe wa jicho anaishia farmasia akibebeshwa kolire (dawa za matone ya macho) za aina 3, huku mama mwenye sukari anayesema "naona nzi wanapita mbele ya jicho" anaambiwa alale tu, itaisha. Hapo mambo yamepinduliwa. Mwongozo huu unafuata swali moja toka mwanzo hadi mwisho: damu iko wapi? Ukishalijibu, tiba ya hospitali inajulikana. Na zile dawa za Ayurveda kutoka India, ambazo siku hizi zinatangazwa kwa WhatsApp na kuletwa na wasafiri, utajua pa kuziweka na pa kuzikataa.

Kwanza ujue vyumba vya jicho. Juu ya weupe kuna utando mwembamba sana wenye mishipa midogo. Mshipa ukipasuka hapo, damu imebaki nje ya jicho lenyewe, kama alama ya kubanwa chini ya ngozi. Mbele kuna kioo cha jicho, yaani konea, na nyuma yake chumba kidogo cha maji safi kabla ya kufika kwenye duara la rangi lenye mboni katikati. Damu ikiingia humo, imeingia ndani. Nyuma zaidi, baada ya lenzi, kuna ute mzito kama ute wa yai, na mwisho kabisa retina, ukuta unaopokea picha. Damu ya huko nyuma mwenzako hawezi kuiona hata akimulika tochi. Anayeiona ni mwenye jicho.

Hatua ya 1: tazama kwa mwanga

Nawa mikono kwa sabuni. Kaa wima dakika 10 kabla ya kuangalia, maana mtu akiwa amelala damu ya chumba cha mbele husambaa na kuonekana kama maji machafu tu. Akikaa, inashuka na kutulia chini. Mwombe mtu akumulikie tochi ya simu kutoka pembeni, si moja kwa moja. Kama jicho limerukiwa na kipande cha jiwe, cha chuma ama cha kioo, usiguse kope. Ruka hadi sehemu ya jicho lililotoboka. Kama hakuna ajali ya namna hiyo, vuta kope ya chini taratibu, tazama juu, kushoto, kulia.

Tafuta mambo 3. La kwanza ni sura ya wekundu. Doa lililojaa, lenye mpaka safi kama rangi iliyomwagika, huku weupe uliobaki ukiwa mweupe kweli, ni damu iliyovilia juu. Mishipa-mishipa mingi jicho zima, pamoja na tongo, ni ugonjwa wa macho mekundu, si kuvuja damu. Wekundu uliozunguka konea kama pete, wenye maumivu, unaonyesha shida ya ndani au kidonda cha konea. La pili: tazama sehemu ya chini ya duara la rangi. Ukiona mstari bapa mwekundu umekaa hapo kama chai iliyobaki chini ya glasi, damu iko ndani. La tatu: mboni. Iwe duara, ilingane na ya jicho la pili. Mboni iliyovutika upande mmoja kama tone la maji ni dalili ya jicho lililotoboka.

Hatua ya 2: pima kuona, jicho moja moja

Watu wengi hugundua jicho limepoteza nuru siku walipofunika lile zima kwa bahati. Funika jicho moja kwa kiganja, si kwa vidole, kwa sababu utachungulia katikati yao bila kujua, wala usilibonyeze. Simama mita 3 kutoka kalenda ya ukutani, soma tarehe. Badilisha jicho. Kisha tazama ukuta mweupe au anga kwa kila jicho: kuna nzi wapya, nyuzi, moshi, pazia linaloshuka, mimweko kama ya radi? Andika ulichokiona na saa, maana daktari atauliza kilianza lini.

Hatua ya 3: amua

Nenda hospitali yenye huduma ya macho leo hii, si kesho, kama kuna lolote kati ya haya:

- kuona kumepungua, hata kidogo, ama kuna nzi na moshi mpya;
- jicho linauma ndani, au mwanga unalichoma;
- kuna damu mbele ya duara la rangi, au mboni haiko sawa;
- jicho limepigwa kwa nguvu, au limerukiwa na kitu;
- baada ya pigo la kichwa, doa jekundu linaingia nyuma ya jicho hadi huoni linapoishia: hilo linaweza kutoka kwenye mfupa wa fuvu uliovunjika;
- fizi, pua au mkojo navyo vinatoa damu;
- tansio (presha ya damu) ni 180/120 au zaidi pamoja na kichwa kuuma sana, kuona vibaya au kuchanganyikiwa.

Kama hakuna hata moja, umebaki na damu ya juu ya weupe, na una muda wa kusoma taratibu.

Damu juu ya weupe

Inaletwa na vitu vya kila siku: kikohozi kikali, chafya, kutapika, kujikaza chooni, kusukuma mtoto wakati wa kuzaa, kusukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo) iliyojaa makaa kwenye mlima, kufikicha jicho lililoingia vumbi la makoro (mawe ya volkano). Shinikizo linapanda ghafla, mshipa mwembamba unapasuka, basi. Mtoto mwenye kifaduro anaweza kuamka macho yote 2 yakiwa mekundu. Mtoto mchanga anaweza kuzaliwa nayo, ikaondoka yenyewe. Lakini mtoto ambaye bado hatembei akipata doa hilo wiki nyingi baada ya kuzaliwa, bila kikohozi wala sababu yoyote, apelekwe akaangaliwe mwili mzima. Wakati mwingine ni alama ya kupigwa au kutikiswa.

Siku ya 1 na ya 2 doa linaweza kupanuka. Hapo ndipo watu wanapoogopa na kuanza kujaribu kila dawa. Si damu mpya. Ni ileile inatandaa chini ya utando, na kope zinapofumba na kufumbua zinaisambaza. Baadaye rangi inageuka kama ya alama nyingine yoyote ya pigo, njano na kijani kidogo, na ndani ya wiki 1 hadi 3 imekwisha.

Tiba ya hospitali ni ndogo kiasi cha kuwaudhi waliolipa nauli: hakuna dawa inayoifuta. Siku 2 za kwanza weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi juu ya kope zilizofungwa, dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Kuanzia siku ya 3 tumia kitambaa cha uvuguvugu. Kama jicho linakwaruza, machozi ya bandia tone 1 mara 4 kwa siku yanatosha. Andika tarehe kwenye chupa siku unapoifungua na uitupe baada ya siku 28. Usifikiche. Usinywe aspirini wala ibuprofeni kwa ajili ya doa hili. Lakini kama daktari alikuandikia aspirini ya moyo, au dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini au asenokumaroli, usiikate mwenyewe. Kapime INR, kipimo cha muda wa damu kuganda; kwa wagonjwa wengi inatakiwa iwe kati ya 2 na 3, na ikiwa juu daktari ndiye atakayerekebisha dozi.

Kolire yenye deksametazoni, ile inayouzwa kwa kila jicho jekundu, iache dukani. Damu haiitoi. Ikitumika wiki nyingi inapandisha presha ya jicho, na kama kuna kidonda kidogo cha konea inafungulia kuvu na virusi mlango.

Hata kama doa halina neno, litumie kama ukumbusho wa kupima tansio. Kaa kwenye kiti dakika 5 bila kuongea, mkono ukiwa sawa na kifua, pima mara 2. Namba ikirudia kuwa 140/90 au zaidi siku tofauti, una kazi ya kufanya, na kazi hiyo ni kubwa kuliko doa. Likirudi mara ya 2 au ya 3 bila sababu, omba pia kipimo cha damu chenye hesabu ya plaketi (chembe zinazogandisha damu), na sukari ya asubuhi kabla ya kula: miligramu 126 kwa desilita au zaidi, ikirudiwa na kuthibitishwa, ni kisukari.

Na kuna doa ambalo si damu kabisa. Likikaa zaidi ya wiki 3 bila kubadilika rangi, likiwa limeinuka kidogo, hasa kwa mtu anayeishi na VVU, daktari wa macho aliangalie: sarkoma ya Kaposi, aina ya saratani, kwenye utando wa jicho inaonekana hivyohivyo, na wengi wametibiwa miezi kwa "damu isiyoisha".

Apollo, na homa ambayo Goma inaijua

Macho mekundu ya kuambukizana, yenye machozi, tongo na wakati mwingine vidoa vya damu, wengi huyaita Apollo. Jina lilianzia Ghana mwaka 1969, ugonjwa ulipozuka wakati ule ule watu walipotua mwezini. Ni virusi. Unaisha kwa siku 7 hadi 10 kwa kunawa mikono, kutochangia taulo na mto, na kusafisha tongo kwa maji yaliyochemshwa. Tofauti na doa la damu: Apollo inawasha, inatoka maji, na nyumbani kuna mwingine anayo.

Jicho jekundu pamoja na homa, kuishiwa nguvu, kutapika au kutokwa damu, kwa mtu aliyemhudumia mgonjwa au aliyeosha maiti, ni jambo jingine. Mlipuko wa Ebola wa Kivu ya Kaskazini na Ituri ulidumu kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, na Goma ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza Julai 2019. Mtu wa namna hiyo hapandishwi moto (pikipiki) katikati ya watu 2. Timu ya afya inapigiwa simu, na hamguswi bila glavu.

Damu ndani ya chumba cha mbele

Hii ni ya pigo: mpira, ngumi, manati ya watoto, tawi la mti, kona ya mlango. Jicho linauma, mwanga unachoma, kuona kuna ukungu. Kama damu imefika chini ya theluthi ya chumba, ni daraja la 1. Theluthi hadi nusu, la 2. Zaidi ya nusu, la 3. Chumba chote, la 4, jicho linakuwa jeusi.

Kabla ya kutoka nyumbani, tengeneza ngao. Chukua kikombe cha kutupa, cha plastiki au cha karatasi. Kata sehemu ya chini ibaki na kimo cha sentimita 3 hivi, funika kingo zilizokatwa kwa plasta zisikwaruze. Kipande kikae juu ya jicho kikikanyaga mfupa wa nyusi na mfupa wa shavu tu, kisiguse kope. Vipande 2 vya plasta kwa mshazari vinatosha kukishika. Pamba na bandeji iliyokazwa ni kosa linaloonekana kila mara: inabonyeza jicho, na kubonyeza kunaanzisha damu upya. Mgonjwa aende akiwa amekaa, kichwa juu. Kwa maumivu, parasetamoli komprime (vidonge) 2 za miligramu 500 kwa mtu mzima, kila saa 6, zisizidi 8 kwa siku. Aspirini hapana, ibuprofeni hapana.

Hospitali watapima kuona, watatazama kwa mashine ya mwanga, watapima presha ya jicho. Hii watu huichanganya na tansio ya mkono kwa sababu kwa Kifaransa zote zinaitwa hivyo. Lakini mtu mwenye 120/70 mkononi anaweza kuwa na presha ya jicho ya 45. Kawaida yake ni 10 hadi 21. Chembe za damu zinaziba mfereji mdogo unaotoa maji ya jicho, maji yanajaa, mshipa wa kuonea unabanwa. Dawa za kawaida ni kolire ya prednisoloni asilimia 1 kutuliza uvimbe, atropini asilimia 1 kulipumzisha duara la rangi (mboni itabaki kubwa na kusoma karibu kutakuwa shida kwa wiki 1 au 2, usiogope), na presha ikipanda, timololi asilimia 0.5 tone 1 asubuhi na jioni. Mwenye pumu aseme kabla: timololi inaweza kumbana kifua vibaya.

Sema pia kama mgonjwa ni SS (ana ugonjwa wa selimundu) au AS (ameurithi kwa mzazi mmoja tu). Kama hajui, aombe kipimo. Hili ni jambo zito Kongo kuliko vitabu vya Ulaya vinavyofikiri. Ndani ya chumba kile chembe za damu za SS hujikunja, zinakuwa ngumu na kuziba mfereji haraka, na hata AS, ambaye maisha yote hajaumwa, anaingia hatarini. Asetazolamidi, komprime inayotumika sana kushusha presha ya jicho, inaongeza asidi na kuzifanya zijikunje zaidi; kwa SS daktari ataikwepa. Mipaka ya kuingia upasuaji nayo si sawa: kwa mtu wa kawaida madaktari wengi husubiri hadi presha ya 50 ikidumu siku 5, au 35 ikidumu siku 7; kwa mwenye chembe za SS au AS, zaidi ya 24 kwa siku nzima tayari ni sababu ya kusafisha chumba.

Nyumbani, hatari kubwa iko siku ya 2 hadi ya 5. Donge la damu lililoziba mshipa linanywea, mshipa unafunguka tena, na damu ya pili huwa nyingi kuliko ya kwanza. Mgonjwa alale kichwa kikiwa kimeinuka nyuzi 30 hadi 45: mito 3, au kiti cha plastiki kilichopinduliwa na kusukumwa chini ya godoro upande wa kichwa. Ngao usiku na mchana. Hakuna kuinama kuchota maji, hakuna chukudu, hakuna mpira kwa angalau wiki 2. Arudi kupimwa presha kila siku siku hizo za mwanzo. Na baada ya kupona, apime presha ya jicho kila mwaka, maisha yake yote. Pigo linaweza kuwa limechana mfereji, na glakoma, presha ya jicho inayoua mshipa wa kuonea, ikaja miaka 10 baadaye bila maumivu.

Jicho lililotoboka

Hapa maneno ni machache. Mponda mawe amerukiwa na kipande, mboni imevutika, au kuna kitu cheusi kinachungulia kwenye weupe, au maji ya uvuguvugu yametiririka. Usioshe. Usitie kolire, marhamu, wala maji baridi. Kilichochomeka kisitolewe. Ngao tu, na hospitali. Asile wala kunywa, kwa sababu ataingia upasuaji, na jeraha linatakiwa lishonwe ndani ya saa 24. Aulizwe chanjo ya pepopunda. Akitapika, apewe dawa ya kuzuia kutapika, kwa maana kila mkazo unasukuma nje kilichomo ndani.

Damu ya nyuma

Haiumi, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Siku moja nzi weusi, nyuzi, moshi mwekundu. Kesho yake pazia. Kwa mtu mzima sababu kubwa ni kisukari: retina iliyokosa hewa inaotesha mishipa mipya, dhaifu, nayo inapasuka hata usingizini. Nyingine ni tansio iliyoziba mshipa wa retina, retina iliyochanika, pigo, na SS.

Mpaka umuone daktari, lala kichwa juu ili damu ishuke mbali na katikati ya kuona. Daktari atapanua mboni kwa matone (saa 4 hadi 6 baadaye usiendeshe pikipiki), na kama damu imeziba kila kitu atafanya ekografia (picha ya mawimbi ya sauti) ya jicho ili ajue retina iko mahali pake. Retina iliyochanika haisubiri. Kama ni kisukari, leza inachoma vidoa mamia kwenye pembe za retina ili mishipa mibaya ikauke, na sindano ya bevasizumabu, dawa inayonyausha mishipa hiyo, miligramu 1.25 ndani ya jicho, inaitangulia au inaisaidia. Ute uliojaa damu usiposafika wenyewe, unaondolewa kwa upasuaji.

Uliza mapema kama kituo chako kina leza na kinafanya upasuaji huo. Ukielekezwa Kigali, kuna jambo la kuuliza kabla ya kurudi: wameniwekea gesi ndani ya jicho? Gesi hutanuka mtu anapopanda mlima, na barabara ya Kigali hadi Gisenyi inapita juu ya mita 2,000. Ikitanuka, presha inaweza kulipofusha jicho lililotengenezwa. Aina moja ya gesi inakaa kama wiki 2, nyingine hadi miezi 2. Hakuna ndege wala milima mpaka daktari aseme imekwisha.

Ayurveda: nini inasema, nini ubakize

Ayurveda si "miti shamba" tu. Ni elimu ya kale ya India yenye vitabu na vyuo, na tawi lake la macho, masikio, pua na koo linaitwa Shalakya. Kitabu cha Sushruta kinahesabu magonjwa 76 ya macho, na moja, Arjuna, ni doa moja kwenye weupe lenye rangi ya damu ya sungura. Wataalamu wa leo wa Ayurveda wanalilinganisha na hili doa letu la juu. Sababu, kwa maelezo yao, ni pitta, joto la mwili, lililoichafua damu. Tiba ni kupoza na kusafisha tumbo.

Kwa damu ya juu, sehemu za ushauri huo hazina madhara. Kupunguza pilipili, kasiksi (pombe ya ndizi), chumvi na sambaza (samaki wadogo wa ziwa) zilizokaushwa kwa chumvi: kwa chumvi na pombe, daktari wa tansio atakwambia hivyohivyo, kwa sababu tofauti. Kitambaa cha baridi, ndiyo. Triphala, unga wa matunda 3 (amalaki, haritaki, bibhitaki) kwa vipimo sawa, kwa desturi hunywewa gramu 3 hadi 6 na maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Inalainisha choo, na asiyejikaza chooni hapasui mshipa. Hapo mantiki ipo. Anza na nusu kijiko cha chai. Mwenye mimba, mwenye kuharisha, anayetumia dawa za sukari au za kuzuia damu kuganda asiinywe bila kumwambia daktari. Na kusema kweli, papai, maharagwe na maji ya kutosha vinafanya kazi hiyohiyo kwa bei ya soko la Virunga.

Mtego uko hapa: doa linaisha lenyewe kwa wiki 2. Chochote ulichokunywa wiki hizo 2 kitasifiwa. Kisha jirani mwenye moshi machoni kwa sababu ya sukari anapewa chupa ileile, anasubiri wiki 2, na retina haimsubiri. Hakuna dawa ya Ayurveda iliyothibitishwa kuondoa damu ya chumba cha mbele wala ya nyuma.

Ndani ya jicho, kataa vyote. Maji ya triphala yaliyochemshwa jikoni na kuchujwa kwa kitambaa: kitambaa kinashika makapi, hakishiki vijidudu. Asali na maziwa ya mama, vilevile. Tarpana, ambapo ukuta wa unga wa dengu nyeusi unazungushwa kwenye jicho na kumiminiwa samli ya uvuguvugu, ni hatari kwa jicho lenye jeraha. Wanja wa kale mara nyingi una risasi, ile metali yenye sumu. Ruba na kuumika karibu na jicho, kwa mtu anayetafutiwa sababu ya kutoka damu, ni kuongeza tatizo juu ya tatizo.

Za kunywa, soma kibandiko. Naga ni risasi, parada ni zebaki, lauha ni chuma, bhasma ni madini yaliyochomwa kuwa majivu. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walitangaza kwamba kati ya bidhaa 70 za Ayurveda walizonunua madukani, 14 zilikuwa na risasi, zebaki ama aseniki. Yashtimadhu au mulethi ni urukususu: mtamu, unapandisha tansio na kushusha potasiamu, na umo kwenye Saptamrita Lauha, dawa inayouzwa hasa kwa macho. Vidonge vya manjano, tangawizi, kitunguu saumu na guggulu (utomvu wa mti wa India) vinaweza kuchelewesha damu kuganda. Kwenye mchuzi havina neno, kwenye vidonge viache mpaka jicho lipone. Chupa isiyo na orodha ya viungo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha haistahili kufunguliwa. Uliyokwisha kunywa, yapeleke hospitali na chupa zake. Daktari hawezi kukisia.

Kabla jicho halijapigwa

Wanaoponda makoro kuwa changarawe hupiga nyundo siku nzima macho wazi. Miwani ya jua ya barabarani inavunjika na kuwa vipande vya pili. Tafuta miwani ya mafundi wa kuchomelea na kusaga, ya plastiki nyepesi ya polikaboneti, yenye kinga pembeni. Ikichubuka isionyeshe vizuri, ibadilishe, la sivyo utaivua na kuitundika shingoni. Watoto wasikae mbele ya mponda mawe, kule vipande vinakorukia. Wawe nyuma ya mgongo wake. Motari ashushe kioo cha kofia hata kwa safari ya dakika 5 kutoka Birere hadi Katindo.